Jikoni Hakuna Njia ya Mkato: Nasaha kwa Mwanafunzi Anayeanza Kupika

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), aliyetuumba na kuturuzuku vyakula vizuri vya nchi kavu na vya majini. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na masahaba zake. Ama baad.



Katika jarida letu tumezoea kusoma habari za twahara, swala, saumu na sira ya Mtume (S.A.W.). Mara hii tumeona ni vyema tuzungumzie elimu nyingine ambayo kila nyumba inaihitaji kila siku, nayo ni elimu ya kupika. Wengi wenu mmefikia umri wa kuachiwa jiko. Mama akienda shamba bondeni, au bibi akiumwa, mnaambiwa, "Leo utapika wewe." Hapo wengine hufurahi, na wengine huingiwa na hofu.

Wako wanaodhani kuwa kupika ni kukariri tu: weka hiki, ongeza kile, subiri, epua. Sisi tunaufananisha upishi na tajwidi. Mwanafunzi anaweza kuiga sauti ya mwalimu wake akasoma vizuri sura aliyoisikia. Lakini akifika kwenye aya ambayo hakumsikia mwalimu akiisoma, asiyejua kanuni atakosea. Jikoni ni hivyo hivyo. Anayejua sababu ya kila hatua ataweza kupika hata mama asipokuwepo, na wala hataruka hatua kwa uvivu au kwa haraka.

Jambo hili lina uzito mkubwa kwetu sisi watu wa Kitaya na vijiji vya bonde la Mto Ruvuma. Chakula chetu kikuu ni wali wa bondeni na muhogo wa mashambani. Ukiharakisha wali, utakula wali mbichi, na kesho utapika vizuri zaidi. Ukiharakisha muhogo mchungu, unaweza kumlemaza ndugu yako maisha yake yote. Tutalieleza hilo kwa urefu, In shaa Allah.

KUPIKA NI KAZI YA NANI?

Tuanze na vijana wa kiume, maana tunajua wataifungua kurasa hii na kusema, "Hii ya wasichana." Bibi Aisha (R.A.) alipoulizwa Mtume (S.A.W.) alikuwa akifanya nini nyumbani, alijibu kuwa alikuwa akiwahudumia watu wa nyumba yake, na wakati wa swala ulipofika alitoka kwenda kuswali. Habari hii imepokewa na Imamu Bukhari. Ikiwa kiumbe bora kuliko wote hakuona aibu kuhudumia nyumba yake, kijana wa darasa la sita ataonaje aibu kukuna nazi?

Isitoshe, kijana wa kiume leo au kesho atakwenda kusoma mbali, atakwenda dago na wavuvi, au atapanga chumba mjini Mtwara. Huko hakuna mama. Asiyejua kupika atakula chips kila siku mpaka fedha ziishe, au atashinda na njaa.

Kwa upande wa mabinti, msidhani kuwa mtajua kupika kwa kuzaliwa wasichana tu. Kupika hujifunzwa, na anayejifunza hukosea. Mama zetu wote waliunguza wali kabla ya kuuweza.

KABLA YA KUWASHA MOTO

Yapo mambo manne ambayo tunawausia myajue kabla ya kugusa sufuria.

(a) Mikono na maji. Osha mikono kwa sabuni kabla ya kuanza kupika, baada ya kutoka chooni, na baada ya kushika samaki au nyama mbichi. Magonjwa ya kuhara na kipindupindu hupita kwenye mikono na maji machafu. Maji ya kunywa yachemshwe mpaka yatokote, kisha yawekwe kwenye chombo chenye mfuniko.

(b) Kisu na ubao. Usikate kachumbari kwa kisu ulichokatia samaki mbichi kabla ya kukiosha kwa sabuni na maji safi. Samaki atapikwa na vijidudu vyake vitakufa, lakini kachumbari haipikwi.

(c) Moto na nguo. Binti akunje mikono ya nguo na kufunga ushungi vizuri usining'inie motoni. Mafiga yawe imara ili sufuria lisipinduke. Watoto wadogo wakae mbali na jiko. Usimimine mafuta ya taa kwenye kuni zinazowaka. Tumia kuni kavu, kwani kuni mbichi hutoa moshi mwingi unaodhuru macho na mapafu. Jiko la mkaa lisiingizwe chumbani kwa kulala, maana hewa yake huua watu wakiwa usingizini.

(d) Kuzima moto. Mtume (S.A.W.) ametufundisha tusiache moto ukiwaka tunapolala, na tufunike vyombo vya chakula na maji usiku. Nyumba zetu nyingi zimeezekwa kwa makuti au nyasi, kwa hiyo mafundisho haya yanatuhusu sana. Kazi ya mpishi haijaisha mpaka moto umezimwa na vyombo vimefunikwa.

Baada ya hayo, sema Bismillah na uanze.

SOMO LA KWANZA: WALI WA NAZI

Tunaanza na wali kwa sababu mchele tunaulima wenyewe bondeni, na kwa sababu wali humfundisha mwanafunzi mambo mawili makubwa: kipimo na moto. Kwa nyumba ya watu watano au sita, chukua vikombe 3 vya mchele, nazi 1 kubwa na kijiko kidogo 1 cha chumvi. Kikombe kiwe kimoja tangu mwanzo hadi mwisho.

Kwanza, peta mchele kwenye ungo na uchague mawe na chuya. Kisha uoshe mara mbili au tatu. Sababu yake ni kuondoa vumbi na unga unaofanya wali ugande.

Pili, kuna nazi kwa mbuzi. Tia maji ya uvuguvugu kidogo, kamua na kuchuja, upate kikombe 1 cha tui zito. Liweke pembeni. Rudia kwa maji mengi zaidi mpaka upate vikombe 5 vya tui jepesi.

Tatu, bandika tui jepesi pamoja na chumvi, ukilikoroga mpaka lichemke. Ukiliacha bila kukoroga, tui hukatika.

Nne, tia mchele, koroga mara moja, kisha uache uchemke kwa moto wa wastani. Usiugeuze kila dakika. Mchele unaogeuzwa-geuzwa hupondeka na kuwa bokoboko.

Tano, tui linapokaribia kukauka, mimina tui zito na ugeuze polepole kutoka chini. Toa kuni, bakiza makaa machache chini, funika, na upalie makaa mengine juu ya mfuniko. Acha kwa dakika 15 hadi 20. Tui zito huwekwa mwisho ili utamu na harufu yake visipotee kwa kuchemka muda mrefu. Makaa ya juu hukausha wali bila kuunguza ukoko.

Kumbukeni kuwa mchele mpya, uliotoka kuvunwa, hunywa maji machache kuliko mchele wa zamani. Mchele ukiwa mpya, punguza nusu kikombe cha tui jepesi. Ukipika mara tatu na kuangalia matokeo, utakijua kipimo cha mchele wa nyumbani kwenu.

Wali uliobaki usiachwe sufuriani mpaka kesho jioni. Wali wa nazi huchacha upesi kwa joto la kwetu, na baadhi ya vijidudu vya kwenye wali hutoa sumu isiyoondoka hata ukiupasha moto tena. Pika kiasi cha kuliwa. Ukionekana utabaki, mpelekee jirani mapema ungali mzuri.

SOMO LA PILI: MUHOGO

Hapa ndipo tunapoomba msikilize kwa makini zaidi.

Muhogo ni neema kubwa. Huvumilia ukame, hukaa ardhini ukisubiri kuchimbwa, na majani yake ni mboga. Lakini Allah (S.W.) ameujaalia mmea huu kuwa na kinga yake dhidi ya wanyama waharibifu, nayo ni sumu ambayo wataalamu huiita sayanidi. Ipo mihogo mitamu yenye sumu kidogo, na ipo mihogo michungu yenye sumu nyingi. Wakulima wengi hupanda michungu kwa sababu nguruwe na nyani hawaipendi. Aidha, mvua ikikosekana, hata muhogo ambao si mchungu sana huongeza sumu.

Muhogo mtamu unaweza kumenywa, kukatwa na kuchemshwa kwa maji mengi, ukaliwa kwa chai au ukapikwa kwa nazi wakati wa futari. Muhogo mchungu ni lazima usindikwe kwanza, yaani uondolewe sumu kabla haujafika jikoni.

Wanafunzi wengi hudhani kuwa moto huondoa kila sumu. Katika unga wa muhogo sivyo. Sumu imejificha ndani ya kitu kingine, na kinachoifungua ni kimeng'enya kilichomo ndani ya muhogo wenyewe. Muhogo ukilowekwa au ukipondwa, kimeng'enya hicho hukutana na kile kitu kilichobeba sumu, sumu hufunguka na kutoka hewani au kwenye maji. Lakini ukiutia unga kwenye maji yanayochemka, kimeng'enya hufa papo hapo, na sumu iliyobaki huingia tumboni pamoja na ugali. Kwa hiyo kazi ya kuondoa sumu hufanyika kabla ya moto.

Yaliyowapata wenzetu

Upo ugonjwa unaoitwa konzo. Jina hilo limetoka kwa watu wa kabila la Wayaka wa Kongo, na maana yake ni miguu iliyofungwa. Daktari Giovanni Trolli aliuandika mwaka 1938 alipowaona wagonjwa katika eneo la Kwango. Mtu hulala mzima, akaamka miguu imekakamaa, hawezi kutembea au anatembea kwa ncha za vidole. Ugonjwa huja kwa ghafla na hauponi. Wanaopatwa zaidi ni watoto na wanawake walio katika umri wa kuzaa. Huwapata watu waliokula muhogo mchungu usiosindikwa vizuri kwa wiki nyingi mfululizo, huku wakikosa kitoweo.

Mwaka 1981, wakati wa ukame mkali, ugonjwa huu uliwapata watu zaidi ya 1,100 katika jimbo la Nampula, Msumbiji. Wamakua wa huko waliuita mantakassa. Nampula haiko mbali nasi, na Wamakua ni ndugu zetu wa pande zote mbili za Ruvuma. Hapa Tanzania ulionekana Tarime mwaka 1985. Kisha mwaka 2002 na 2003 ukaonekana katika mkoa wetu huu wa Mtwara.

Sababu ilikuwa ile ile kila mahali: njaa ilipobisha hodi, watu walifupisha kazi. Badala ya kuloweka kwa siku kadhaa, muhogo ulikaushwa haraka, ukatwangwa na kupikwa. Hawakuwa wajinga. Walikuwa na watoto wenye njaa. Mwenye njaa hawezi kulaumiwa kwa kuharakisha, lakini anaweza kufundishwa njia salama kabla njaa haijafika. Nasi hapa Kitaya tumeona jinsi dhiki inavyoweza kuja bila taarifa. Oktoba 2020 kijiji kilivamiwa na watu wenye silaha waliotokea ng'ambo ya mto, watu wakauawa, nyumba zikachomwa na familia zikakimbia. Wakati kama huo mtu hula anachokipata. Elimu iliyomo kichwani ndiyo mzigo usioachwa nyuma.

Njia salama ya kuandaa unga

Bibi zetu wanaijua njia hii. Mwanafunzi akae nao ajifunze kwa macho na mikono.

1. Menya ganda lote, la nje na la ndani, kwani ganda lina sumu nyingi kuliko nyama ya muhogo. Maganda usiwaachie mbuzi.

2. Kata vipande na uviloweke kwenye maji kwa siku 3 hadi 4, mpaka vilainike na kuminyika kwa vidole. Maji hayo yamwagwe mbali, yasitumike kwa kunywa wala kupikia.

3. Toa nyuzi za katikati, kamua maji, kisha uanike juani juu ya jamvi au kichanja safi, mbali na vumbi na kuku. Vipande vikauke kabisa mpaka vivunjike kwa sauti. Visipokauka huota ukungu, na ukungu nao una madhara yake.

4. Twanga, chekecha, na uhifadhi unga kwenye chombo kikavu chenye mfuniko.

Kuanika makopa juani bila kuloweka hupunguza sumu kwa kiasi tu. Kwa muhogo mchungu hiyo haitoshi. Pia weupe wa unga si dalili ya usalama. Unga unaweza kuwa mweupe kama pamba na bado ukawa na sumu.

Kama unga umenunuliwa na hujui uliandaliwaje

Ipo njia rahisi iliyobuniwa na mtaalamu wa Australia, Howard Bradbury, na wenzake. Mwaka 2010 na 2011 ilitumika katika kijiji kimoja cha eneo la Popokabaka, nchini Kongo, ambako konzo ilikuwa ikiwasumbua watu, na katika kipindi hicho hapakutokea wagonjwa wapya. Njia yenyewe ni hii:

(a) Weka unga kwenye bakuli, usawazishe, na uweke alama ndani ya bakuli pale unga ulipofikia.

(b) Ongeza maji kidogo kidogo huku ukichanganya. Mwanzo unga utashuka, kisha utapanda. Ukifika tena kwenye alama, acha kuongeza maji.

(c) Tandaza unga huo mbichi kwenye ungo au jamvi safi, unene wake usizidi sentimita 1.

(d) Uache saa 2 juani au saa 5 kivulini.

(e) Pika ugali siku hiyo hiyo. Usiuweke mpaka kesho, maana unga uliolowa huharibika.

Njia hii haihitaji dawa wala mashine. Inahitaji saa mbili za subira. Ukitaka kupika chakula cha mchana, tandaza unga asubuhi kabla ya kwenda kuchota maji.

Kusonga ugali wa muhogo

Chemsha maji mpaka yatokote. Punguza moto, mimina unga kidogo kidogo huku ukikoroga kwa mwiko ili usifanye madonge. Ukishikamana, songa kwa nguvu ukikandamiza kwenye ukingo wa sufuria. Ugali wa muhogo, au bada kama wengine wanavyouita, huiva upesi na hunata. Ukiiva hubadilika rangi, ukawa kama unaong'aa kidogo. Mwanafunzi mdogo asisonge peke yake. Mtu mzima ashike sufuria.

Mtu akila muhogo kisha akapatwa na kizunguzungu, kuumwa kichwa, kutapika au kupumua kwa shida, asipewe kitu kingine cha kula. Apelekwe zahanati mara moja, na mganga aambiwe alikula muhogo.

SOMO LA TATU: KITOWEO

Wazee wetu hawakuzoea kula bada kavu. Walikula na samaki, mbaazi, kunde au kisamvu. Wataalamu wamegundua hekima iliyomo humo: mwili huvunja mabaki ya sumu ya muhogo kwa kutumia baadhi ya virutubisho vinavyopatikana kwenye protini, hasa ya samaki, mayai na nyama. Kwa hiyo mtoto apewe kitoweo, hata kama ni dagaa wachache. Asiachiwe mchuzi mtupu huku wakubwa wakigawana samaki.

Kisamvu. Majani ya muhogo nayo yana sumu, na kinu ndicho kinachoitoa. Yatwange mpaka yalainike kabisa, ndipo uyabandike kwa maji mengi, sufuria likiwa wazi. Yachemke mpaka yaive vizuri, kisha utie tui la nazi na chumvi. Karanga zilizosagwa au korosho zilizopondwa hukinogesha. Wanaochuma majani machanga na kuyapika bila kutwanga wanaruka hatua.

Samaki. Tuna bahati ya mto na bahari. Maingilio ya Ruvuma yamo katika hifadhi ya bahari iliyoanzishwa mwaka 2000 pamoja na Ghuba ya Mnazi, na mikoko yake ni malezi ya samaki wengi. Samaki mzuri ana macho maangavu, matamvua mekundu, na nyama inayorudi ukiibonyeza kwa kidole. Macho yakiwa yamezama na harufu ni kali, muache. Samaki aitwaye bunju, anayejivimbisha kama mpira, asiliwe kabisa. Sumu yake huua, na kuchemsha hakuiondoi.

Kwa mchuzi wa kuanzia, kaanga kitunguu kwa moto mdogo mpaka kiwe laini. Tia nyanya, funika mpaka zipondeke, kisha tia maji, chumvi na ndimu. Samaki awe wa mwisho, kwa dakika 10 hadi 15, na usimgeuze kwa mwiko maana atavunjika. Tikisa sufuria tu. Kosa la wanaoanza ni kutia nyanya kabla kitunguu hakijaiva, na mchuzi huwa na harufu ya kitunguu kibichi.

Mbaazi na kunde. Chagua, osha, na uziloweke usiku kucha. Asubuhi zitaiva kwa kuni chache. Chumvi na nyanya ziwekwe zikishaiva. Ukitia nyanya mwanzo huchelewa kulainika.

Kwa kuwa mkoa wetu ni wa korosho, tunaongeza nasaha moja. Msichome korosho zenye maganda bila mtu mzima. Mafuta ya ganda huunguza ngozi, na moshi wake hudhuru macho. Msibanguane kwa meno.

ADABU ZA MPISHI NA ZA WALAJI

Mtume (S.A.W.) alimfundisha kijana Umar bin Abi Salama mambo matatu wakati wa kula: kumtaja Allah, kula kwa mkono wa kulia, na kula kilicho mbele yake. Alimuusia Abu Dharr (R.A.) kuwa akipika mchuzi azidishe maji na awakumbuke majirani. Na imepokewa kuwa hakuwahi kukitia kila chakula. Akikipenda alikila, asipokipenda alikiacha.

Hivyo basi, kaka na baba, mtoto akipika wali ukawa na maji mengi, msimcheke mbele ya watu. Anayechekwa leo, kesho hatapika. Mwambieni kwa upole, "Mara nyingine punguza tui." Na mpishi naye asinung'unike akirekebishwa.

Mtume (S.A.W.) amefundisha pia kuwa aliyekuandalia chakula, akavumilia joto na moshi wake, umkalishe ule naye au umpe japo kidogo katika hicho chakula. Hayo yamesemwa kuhusu mtumishi. Mama na dada wanastahiki zaidi. Wasiachiwe ukoko peke yake.

Aidha, katika Surat Al-A'raf, aya ya 31, Allah (S.W.) ametuamuru tule na tunywe bila kufanya israfu. Mpishi anayepima hafanyi israfu.

Na anayepika futari akihitaji kujua chumvi, wanachuoni wameruhusu aonje kwa ncha ya ulimi na kutema, bila kumeza.

RATIBA YA WIKI NNE

Wiki ya kwanza: washa moto, uzime, chota na chemsha maji, osha vyombo, kuna nazi. Usipike bado.

Wiki ya pili: pika wali mara tatu kwa kipimo kile kile, na uandike kwenye daftari ulivyotokea.

Wiki ya tatu: kaa na bibi au mama ujifunze kumenya, kuloweka na kuanika muhogo. Fanya mara moja ile njia ya kutandaza unga, huku ukiangalia saa.

Wiki ya nne: pika mlo mmoja kamili, wali au bada, na kitoweo chake. Wakaribishe wazazi, na umpelekee jirani sahani moja.

HITIMISHO

Ndugu wanafunzi, anayepika ameaminiwa. Watu wa nyumba wanatia mkono sahanini bila kuuliza, kwa sababu wanajua mpishi amefanya yote yaliyopasa. Hiyo ni amana, na amana huulizwa Siku ya Kiyama. Basi jifunzeni kwa wakubwa zenu wakiwa hai, ulizeni sababu ya kila hatua, na msiruke hata moja kwa sababu hakuna anayewaona. Allah (S.W.) anaona.

Tunamuomba Allah (S.W.) azibariki riziki zetu, awalipe mema mama na bibi zetu kwa moshi waliouvumilia, na atuepushe na njaa, hofu na maradhi. Amin.

ZOEZI

1. Kwa nini tui zito hutiwa mwisho katika wali wa nazi?
2. Eleza kwa nini kuchemsha peke yake hakutoshi kuondoa sumu kwenye unga wa muhogo mchungu.
3. Taja hatua tano za kutandaza unga uliolowa, na muda wake juani na kivulini.
4. Muulize bibi au mzee wa nyumbani kwenu: alifundishwa na nani kuloweka muhogo, na kwa siku ngapi? Andika majibu yake na uyasome darasani.

Wabillahi tawfiq.